Sharti la Mwalimu Mkuu

Mkunga aliamka Jumamosi ile akijua kwamba kabla ya saa nne asubuhi atakuwa amemvunja moyo mwanamume pekee aliyewahi kumpenda bila kujibakiza. Alioga, akavaa gauni la kijani alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, akajitazama kwenye kioo cha kabati. Uso aliouona ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Akapaka poda. Haikusaidia kitu.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mkunga, basi. Tangu akiwa na miaka ishirini na minne alikuwa akipokea watoto katika kituo cha afya, na nusu ya wale waliokuwa wakipiga mpira barabarani walikuwa wamepita mikononi mwake kabla mama zao hawajawaona. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mbili, hana mume, anaishi bado kwa wazazi wake katika nyumba ya bati jekundu iliyopakana na korongo.

Korongo hilo liliukata mji vipande viwili. Upande wa pili ndiko ilikokuwa shule ya msingi. Wakati wa kiangazi watoto walishuka na kupanda kama mbuzi, wakavuka kwa kurukia mawe. Wakati wa masika maji yalikuja bila kupiga hodi. Miaka miwili iliyopita yalimchukua binti wa darasa la kwanza, na mkoba wake ukaokotwa siku ya tatu karibu na machinjio. Mtoto yule ndiye wa kwanza ambaye Mkunga alimpokea peke yake, bila mkubwa wa kazi kusimama nyuma yake. Alikuwa mtoto wa dada yake Koki.

Na Koki ndiye mwanamume mwenyewe.

Alikuwa fundi bomba, mrefu, mpole wa maneno, mwenye vidole vilivyochubuka na kicheko cha kuchelewa. Jina la Koki alilipata shuleni alipokuwa na miaka kumi na mitano, siku alipofukuzwa mbele ya wanafunzi mia sita kwa kuiba koki ya choo cha wavulana. Yeye mwenyewe alisema aliifungua tu aone maji yanazuiliwaje, akakamatwa kabla hajairudisha. Hakuna aliyemsikiliza. Mkuu wa shule aliyemfukuza alikuwa baba yake Mkunga.

Wawili hao walikutana tena ukubwani, katika mafunzo ya uongozi wa jamii yaliyoanzishwa na manispaa. Walikuwa watu ishirini na wawili: kinyozi, mama wa genge la mboga, dereva, walimu wawili, muuza vitabu, kila mtu na kazi yake, wakikutana kila Jumamosi katika ukumbi wa jamii kwa miezi tisa. Mratibu wao, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliwagawa wawili wawili na kuwaambia watafute jambo moja linalousumbua mtaa wao, kisha waende mlango kwa mlango wawaulize watu kabla hawajaamua lolote. Akasoma orodha. Mkunga na Fundi Bomba, korongo.

Walitembea nyumba arobaini na moja pamoja. Mkunga aliuliza maswali na kuandika majibu. Koki, kila aliposikia tone linadondoka jikoni kwa mtu, hakuweza kuvumilia, akaomba ruhusa akaenda kukaza. Nyumba arobaini na moja, koki kumi na tatu. Ilipofika ya tisa Mkunga aligundua kuwa anasikilizia matone. Ilipofika ya thelathini, mvua ya ghafla iliwafukuza wakajibanza chini ya paa la duka lililofungwa, na pale Koki akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu: jinsi alivyorudi nyumbani siku ile aliyofukuzwa, begi begani, akilia njia nzima, akajificha nyuma ya choo mpaka mama yake akamkuta. Mkunga alimshika mkono. Hakuuachia mpaka mvua ilipokatika, na hata ilipokatika walijifanya hawajaona.

Hayo ndiyo aliyokuwa anakwenda kuyaua asubuhi hii, kwa sababu ya kikao cha Alhamisi.

Alhamisi alasiri baba yake alimwita sebuleni. Alikuwa amestaafu miaka sita iliyopita, lakini mji mzima ulimwita Mwalimu Mkuu mpaka leo, na yeye alikaa kwenye kiti chake cha mbao kana kwamba kengele italia wakati wowote. Mapajani alikuwa na fomu ya ridhaa ya ardhi.

"Kaa, binti."

Mkunga akakaa.

"Nimeisoma mara tatu. Mnataka futi kumi na mbili za uwanja wa nyuma, kwa ajili ya nguzo na njia ya watoto."

"Ndiyo, Baba. Pale penye mwamba tu. Mhandisi amepima korongo lote, kwingine kote udongo unamomonyoka."

"Najua. Nimekaa hapa tangu mhandisi huyo yuko tumboni." Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Nitatia saini."

Mkunga alitaka kumkumbatia, lakini baba yake hakuwa mtu wa kukumbatiwa, na bado alikuwa hajamaliza.

"Nawe utanifanyia jambo moja. Yule mwizi wa koki, uachane naye."

"Baba, mtu ana miaka thelathini na minne."

"Basi ni mwizi wa miaka thelathini na minne."

"Hakuiba."

"Ndivyo anavyokuambia." Mwalimu Mkuu alirudisha miwani usoni. "Sikuchagulii mume. Olewa na yeyote, mwenye duka, mwenye taksi, hata usiolewe kabisa, nitanyamaza. Ila yule asije akaketi sebuleni kwangu akaniita baba. Nilimfukuza mbele ya watu mia sita. Wengine leo ni watu wazima, tunakutana sokoni, wananiamkia. Nikimpokea kama mkwe, watasema mimi nilikuwa nafukuza watoto wa watu ovyo."

"Kwa hiyo ni heshima yako."

"Iite unavyotaka."

"Na masika yakija? Mtoto mwingine akichukuliwa?"

"Hilo utalijibu wewe. Kalamu yangu iko hapa." Aligusa mfuko wa shati. "Na usimwambie kuna sharti. Namjua, atakuja kusimama mlangoni na mtaa mzima nyuma yake. Mwambie humtaki. Mwambie mpaka aamini."

Jikoni mama yake alikuwa anaosha vyombo. Maji yalikuwa yakimwagika muda wote wa mazungumzo. Yakanyamaza kidogo, kisha yakaendelea.

Ijumaa Mkunga alikwenda kazini kama kawaida. Alizalisha mara mbili, watoto wa kike wote. Alipombeba wa pili kumpeleka kwenye mizani alijikuta anahesabu: wiki saba zimebaki kabla ya mvua. Jumamosi kamati ya manispaa ingechagua miradi mitatu ya mwaka. Mradi usio na ridhaa ya mwenye ardhi ungetupwa, na usubiri mwaka mwingine. Mwaka mwingine maana yake masika mengine, na watoto mia na ishirini, kwa hesabu yake mwenyewe aliyoifanya nyumba kwa nyumba, wakirukia mawe. Akamfunga mtoto nguo, akamrudisha kwa mama yake, akaenda stoo ya dawa akafunga mlango na kusimama humo gizani. Machozi hayakuja. Ingekuwa nafuu kama yangekuja.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu, na Koki alikuwa nyuma ya ukumbi, kwenye kijibaraza cha kuwekea viti vya plastiki, amepiga magoti mbele ya daraja dogo alilolitengeneza kwa vipande vya mabomba. Alikuwa amevaa shati jeupe, jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana kifuani.

"Umechelewa," alisema bila kuinua kichwa, lakini sauti yake ilikuwa imeshaanza kutabasamu. "Shika huku, gundi haijakauka."

Mkunga alishika. Mikono yao ilikuwa karibu kabisa, na alihisi joto la mkono wake bila kuugusa.

"Nina neno," alisema.

"Sema."

"Tukimaliza leo, tusionane tena."

Koki alicheka kile kicheko chake cha kuchelewa. Kisha akainua macho, akaona poda, akaona kilichokuwa chini ya poda, na kicheko kikafa.

"Mwalimu amesema kitu."

"Baba hahusiki."

"Basi nitazame useme tena."

Hapo ndipo alipojua kuwa maneno mepesi hayatatosha. Mtu huyu alimjua. Alijua akidanganya anashika sikio, alijua akikasirika ananyamaza. Kama anataka Koki aamini, ilibidi atafute neno ambalo mtu halisemi kwa utani wala kwa kulazimishwa, na alijua lilipo. Aliificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akamtazama.

"Unajua wananiuliza nini kituoni? Wananiuliza, Mkunga, umekosa watu? Nimechoka kujieleza. Siku ile ya mvua uliponisimulia ulivyofukuzwa, ulivyolia na begi lako mpaka nyuma ya choo, nilikuonea huruma. Huruma hiyo nikadhani ni mapenzi. Si mapenzi, Koki. Huwezi kumpenda mwanamume unayemhurumia."

Kitu fulani usoni mwa Koki kilifungwa taratibu, kama mtu anayefunga duka huku wateja bado wapo ndani. Alitazama daraja lake dogo, akakuta upande aliouachia Mkunga umepinda, akaunyoosha, akaushikilia mwenyewe.

"Sawa," alisema baadaye.

Mkunga alisubiri. Alitamani atukane, apige teke kiti, amshike mabega.

"Tuna dakika ishirini," Koki alisema. "Utaanza wewe na hesabu za watoto kama tulivyopanga, au nianze mimi?"

"Nitaanza mimi."

"Sawa."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wazazi, walimu, watu wa mtaa, kamati ya watu watano nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cha bluu. Katika safu ya mbele Mwalimu Mkuu alikaa wima na koti lake la kijivu, kalamu mfukoni. Mama yake Mkunga alikuwa safu ya tatu, katikati ya wanawake wa mtaani, mkoba mapajani.

Zamu yao ilipofika walipanda jukwaani pamoja, yeye na mtu aliyemchoma nusu saa iliyopita, wakasimama bega kwa bega kama maharusi. Watu waliguna kwa furaha. Mtaa mzima ulikuwa umeshawaozesha siku nyingi, kilichobaki ilikuwa kuwaambia wao.

Mkunga alitaja nyumba, watoto, wiki zilizobaki kabla ya mvua. Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa amezoea kuwaambia watu mambo mazito kwa sauti ya kawaida. Kisha akampisha Koki, ambaye sehemu yake ilikuwa kueleza daraja, na kumweleza mpwa wake.

Koki alieleza daraja. Alisema upana, urefu, uzito, akionyesha kwa kidole mabomba yake madogo. Kisha akafika kwa mtoto.

"Mwaka juzi," alisema, "dada yangu..."

Akanyamaza. Watu walingoja. Alifungua mdomo, akaufunga, akatazama mikono yake. Mkunga alielewa, na kuelewa huko kukamkata maini. Alikuwa amemwambia kuwa machozi yake ni ya kuhurumiwa tu. Sasa mtu huyu asingeweza kusimama mbele ya watu mia mbili na kusema jambo la kuwaliza.

Akasogea mbele yake, akachukua kipaza sauti mkononi mwake.

"Mtoto wa dada yake alizaliwa saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Alikuwa na kilo mbili na nusu. Mimi ndiye niliyempokea. Hakulia mara moja, nilimsugua mgongo nikawa naomba, lia, mama, lia, usiniaibishe siku ya kwanza. Akalia. Miaka sita baadaye walimleta kituoni kwangu, siku ambayo niko zamu. Nikamsugua mgongo tena. Nilijua haisaidii. Nilimsugua tu."

Hakuthubutu kumgeukia Koki.

"Tunaomba futi kumi na mbili," alimalizia.

Mwenyekiti wa kamati alikohoa, akamwita karani wa ardhi. Karani alikuwa kijana mwembamba mwenye jalada kubwa kuliko yeye. Akauliza mwenye kiwanja yupo. Mwalimu Mkuu akainuka, akaweka koti sawa, akapiga hatua hadi mezani huku akitoa kalamu. Alimtupia binti yake jicho moja. Mkunga akaitikia kwa kichwa. Limekwisha, Baba. Nimefanya.

"Samahani, Mwalimu," karani alisema, akiwa ameinamia karatasi zake. "Hati haisomi jina lako."

"Haisomi vipi? Kodi ya kiwanja nalipia mimi miaka thelathini."

"Kweli, stakabadhi ni zako. Lakini mwenye kiwanja ni mama. Alirithi kwa baba yake. Hati haijawahi kubadilishwa."

Watu walianza kunong'ona. Mwalimu Mkuu aligeuka polepole kumtazama mkewe, na kwa uso wake Mkunga alijua kwamba hakuwa amedanganya. Alikuwa amesahau tu. Miaka thelathini alisema uwanja wangu, nyumba yangu, mpaka likawa kweli kwake.

Mama hakuwa amesahau. Alisimama, akampa jirani yake mkoba amshikie, akaja mbele kwa mwendo wake wa magoti mabovu. Karani akamsogezea kiti. Hakukaa.

"Mama, unaridhia njia ipite kwenye kiwanja chako?"

"Naridhia."

"Hapa chini fomu inauliza, kuna sharti lolote unaloweka?"

Mama aliinua uso, akamtazama binti yake jukwaani. Alimtazama muda mrefu hadi watu wakaanza kugeuka kuona anatazama nini.

"Andika hakuna," alisema.

"Mama watoto," Mwalimu Mkuu alinong'ona, lakini alikuwa karibu na jukwaa na waliosimama pale walimsikia. "Hili tulishalizungumza."

"Mlizungumza wewe na mtoto. Mimi nilikuwa naosha vyombo." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo kalamu."

Alitia saini taratibu, herufi moja moja, kama mtu anayejua kuwa ni nadra jina lake kuulizwa. Mwenyekiti akatangaza palepale kuwa daraja limepita, na watu wakapiga makofi. Mkunga alisikia makofi hayo kwa mbali, kwa sababu kando yake Koki alikuwa ameganda.

"Sharti gani?" Koki aliuliza kwa sauti ya chini.

Mkunga alirudisha kipaza sauti mahali pake.

"Mkunga. Mwalimu aliweka sharti gani?"

Alishika sikio lake bila kujijua. Akauona mkono wake umefika huko, akaushusha. Koki naye alikuwa ameuona.

Walitoka kwa mlango wa nyuma, yeye mbele na Koki nyuma na daraja lake, akaliweka barazani, wakasimama uani penye pipa la maji na baiskeli za watu. Jua lilikuwa kali. Ndani kikundi kingine kilikuwa kimeshaanza kueleza habari za taa za barabarani.

"Sema," Koki alisema.

Akasema. Alhamisi, fomu, kalamu, mwambie mpaka aamini. Alisema haraka haraka, kwa furaha ya mtu aliyeshushiwa mzigo, akaishia hewani: "Kwa hiyo yote yalikuwa uongo. Nakupenda, Koki. Sikukuonea huruma hata siku moja. Nilijua kama nisingesema hivyo usingeniacha, na baba asingesaini, na watoto..."

Alisogea amshike. Koki akarudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu, lakini Mkunga aliona bora angezabwa kofi.

"Ulikuwa na maneno mengi ya kusema," Koki alisema. "Ungesema umepata mwingine. Ungesema nanuka gundi. Ukaenda kuchukua lile."

"Lile tu ndilo ungeliamini."

"Ndiyo. Na nimeliamini." Aliangalia viganja vyake. "Pale juu sikuweza kumtaja mtoto wa dada yangu. Nilikuwa nimejiandaa wiki tatu. Nilisimama nikaona wote wale mbele yangu wananihurumia, na wewe wa kwanza."

"Nisamehe."

"Mbona hukuja kuniambia? Alhamisi, Ijumaa, nilikuwa pale karakana, unapajua. Ungekuja ukasema, Koki, mzee amesema hivi, tufanyeje."

"Ungekataa."

"Hujui." Sauti yake ilipanda kidogo, akaishusha. "Hujui ningesema nini. Pengine ningesema chukua daraja, tuachane, tukaachana tukijua tunaachania nini. Nimemzika yule mtoto kwa mikono hii, wewe unadhani mimi ningeweka mapenzi mbele? Au pengine ningekataa, kweli. Lakini ningekuwa nimeulizwa. Miezi tisa yule mama anatupigia kelele, waulizeni watu kabla hamjawaamulia. Nyumba arobaini na moja uliuliza. Yangu ukairuka."

Mkunga alishika ukingo wa pipa la maji.

"Baba yako alinisimamisha mbele ya shule akanihukumu bila kuniuliza hata swali moja," Koki alisema, na sasa hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Nilikuwa nikikutazama nawaza, huyu hafanani naye kabisa. Mnafanana."

Mkunga alikuwa amewahi kuona akina mama wakiambiwa mabaya zaidi ya hayo katika chumba chake cha kazi, na siku zote alijiuliza wanabakije wamesimama. Sasa alijua. Mtu anabaki amesimama kwa sababu magoti hayajapata habari.

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu Mkuu alitoka, koti mkononi, akawakuta. Kwa mara ya kwanza Mkunga aliona jinsi baba yake alivyokonda.

"Binti, twende nyumbani."

"Tangulia, Baba. Nitakuja mwenyewe."

"Tulikubaliana, mimi na wewe."

"Tulikubaliana kwa kitu ambacho hakikuwa chako. Sifungwi tena na neno nililokupa."

Mzee alimgeukia Koki. Walikuwa hawajasimama karibu namna ile kwa miaka kumi na tisa. Alimkagua shati jipya, mikunjo yake, vidole vilivyochubuka. Midomo yake ilisogea kana kwamba kuna swali linakuja. Koki alilisubiri. Alilisubiri kwa adabu, mikono nyuma, kama mwanafunzi, na Mkunga alishindwa kutazama.

Mwalimu Mkuu akavaa koti lake katika jua lile, akatoka getini bila kusema.

Ndani mtu alicheka kwenye kipaza sauti.

"Nifanye nini?" Mkunga alisema. "Niambie cha kufanya, nitafanya. Nitapiga magoti hapa, watu wakitoka wanione. Niambie."

"Usipige magoti."

"Basi nini?"

"Sijui." Alisema kama mtu aliyetafuta kweli akakosa. "Asubuhi nilikuwa na la kukuambia, tukimaliza, baada ya makofi. Nilinunua hili shati kwa ajili hiyo. Sasa nikilitafuta hilo neno silioni. Najua liko mahali, sijalitupa. Ila silioni."

Machozi aliyoyangoja tangu Alhamisi yalikuja yote kwa pamoja. Hakuyafuta. Koki aliyatazama, na mkono wake ukainuka nusu ya njia, ukashuka.

"Jumatatu saa mbili asubuhi mhandisi anakuja kupiga vigingi," alisema. "Anatutaka wote wawili, tumejiandikisha wote."

"Nitakuwepo."

"Haya."

"Nije kama nani, Koki?"

Alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, akitazama baiskeli, pipa, ukuta, kila kitu isipokuwa yeye.

"Njoo kama mwenzangu wa kazi," alisema hatimaye. "Hicho ndicho nilichonacho kwa leo. Sitaki kukudanganya kwamba nina zaidi."

Akaingia barazani akalichukua daraja lake, akalikumbatia kifuani kwa uangalifu, akaondoka kwa njia ya pembeni. Mkunga alilifuata lile shati jeupe kwa macho mpaka kwenye kona ya muuza magazeti. Halikugeuka.

Alikaa kwenye ngazi. Hakujua amekaa muda gani hadi mama yake alipotoka na mkoba wake, akashika ukuta, akajishusha taratibu kuketi kando yake, magoti yakilia. Hakumwambia anyamaze. Hakumwambia yatakwisha. Alitoa leso, akampa, na wote wawili wakatazama watu wakichukua baiskeli zao, mmoja mmoja, wakipongeza kwa mkono kutoka mbali.

"Amesema nini?" mama aliuliza ua ulipotulia.

"Amesema Jumatatu."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, akilipima neno hilo.

"Nikuamshe saa ngapi?"

"Usiniamshe, Mama," Mkunga alisema. "Nitakuwa macho."